Uhakiki wa Urejeleaji wa Nyenzo za Mikusanyo ya Sanaa katika Tasnifu za Kiswahili: Mifano kutoka Mpanda na Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna nyenzo za sanaa zilizohifadhiwa katika maktaba, makumbusho na hazina za picha zinavyorejelewa katika tafiti zinazoandikwa kwa Kiswahili. Mifano imetokana na eneo la Mpanda na mkoa wa Katavi, ambako historia ya mikusanyo inaanza mapema, tangu kituo cha Karema kilipojengwa mwaka 1879. Makala inajenga hoja kwamba mitindo ya urejeleaji tuliyoizoea iliundwa kwanza kwa ajili ya kitabu chenye mwandishi, mwaka na mchapishaji. Inapohamishiwa kwenye sanamu, kigoda au picha bila kuhojiwa, humfuta aliyekitengeneza kifaa, huchanganya mahali kilikotoka na huficha namna kilivyopatikana. Makala inapendekeza vipengele sita vya kuandikwa katika rejeleo la nyenzo ya sanaa, na inaeleza ni wakati gani jina la mtoa taarifa lapaswa kusitiriwa.

Maneno muhimu: urejeleaji, mikusanyo ya sanaa, historia ya umiliki, Karema, Katavi

1.0 Utangulizi

Orodha ya marejeleo ni sehemu ya tasnifu inayoandikwa mwishoni na kukaguliwa kwa upande mmoja tu, yaani umbo lake. Mtahini hutazama kama mkato umekaa baada ya jina la ukoo, kama mwaka umo ndani ya mabano na kama kichwa cha kitabu kimeandikwa kwa italiki. Ukaguzi huo una faida yake. Hata hivyo, mtafiti anapotoka kwenye vitabu na kuingia katika sanaa za mikono, picha za kale na katalogi za maonyesho, swali la umbo halitoshi. Rejeleo linaweza kuwa sahihi kwa kila nukta na bado likamwacha msomaji asijue ni kitu gani kinazungumziwa, nani alikitengeneza, kilitoka wapi na kwa nini leo kiko Ulaya.

Tatizo hili linawahusu zaidi wanaoandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaandika kuhusu jamii ambazo kazi zao za sanaa zimehifadhiwa mbali na jamii hizo. Pili, mitindo tunayoitumia tumeipokea kutoka kwingine, tukatafsiri vifupisho vyake na kuacha misingi yake bila kuihakiki. Tumeweka “mh.” kwa mhariri, “h.t.” kwa chapisho lisilo na tarehe na “na wenzake” mahali pa kifupisho cha Kilatini. Hizo ni hatua njema, lakini zinagusa lugha ya rejeleo bila kugusa mantiki yake.

Makala inajadili mantiki hiyo. Imechagua Mpanda na Katavi kwa kuwa eneo hilo hutajwa kwa nadra katika mijadala ya sanaa ya Tanzania, ilhali liko kwenye njia iliyopitisha baadhi ya mikusanyo ya mwanzo kabisa kutoka pwani za Ziwa Tanganyika kwenda Ulaya. Msomaji aliyeko Mpanda yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, yaliko Makumbusho ya Taifa na Nyaraka za Taifa, na yuko mbali zaidi na Berlin, Tervuren au Washington. Kwake yeye, rejeleo katika tasnifu iliyowekwa wazi mtandaoni huenda likawa njia pekee ya kukifikia kitu kilichotengenezwa na watu wa kwao. Rejeleo likikosea, njia hiyo imefungwa.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Urejeleaji hufanya kazi tatu. Kazi ya kwanza ni stahiki: kumpa haki yake aliyefanya kazi ambayo mtafiti anaitumia. Ya pili ni ufikivu: kumwezesha msomaji kwenda mwenyewe hadi kwenye chanzo. Ya tatu ni uwajibikaji: kuonyesha mtafiti alikiona nini hasa na kwa njia gani, ili dai lake lipimwe. Kwa kitabu, kazi zote tatu hutimizwa na mambo manne tu: jina la mwandishi, mwaka, kichwa na mchapishaji. Mwandishi ndiye mwenye stahiki, mchapishaji ndiye mlango wa ufikivu, na nambari ya ukurasa hukamilisha uwajibikaji.

Kwa kitu cha sanaa, mambo hayo manne hayalingani na kazi hizo tatu. Aliyekitengeneza mara nyingi hakuandikwa. Mwaka unaoandikwa huwa ni wa kupatikana na si wa kutengenezwa. Kichwa kimebuniwa na mtunza makumbusho. Anayeshika nafasi ya mchapishaji ni taasisi inayokihifadhi, ambayo huenda haikuwa na uhusiano wowote na kutengenezwa kwake.

Miongozo mikuu inayotumika vyuoni inakiri ugumu huu kwa viwango tofauti. Toleo la saba la mwongozo wa APA (2020) linataka jina la msanii, mwaka, jina la kazi, aina ya kazi, makumbusho na mji. Jina la msanii linapokosekana, jina la kazi huhamia mahali pake. Toleo la 17 la mwongozo wa Chicago (2017) linaona kuwa taarifa za michoro, sanamu na picha kwa kawaida zatosha kutajwa ndani ya matini au katika tanbihi, bila kuingia kwenye orodha ya marejeleo. Toleo la tisa la MLA (2021) linakitazama kila chanzo kama kitu kilichomo ndani ya kitu kingine, kama shairi ndani ya diwani au picha ndani ya katalogi. Kati ya hiyo mitatu, wazo la MLA ndilo lenye manufaa zaidi kwa hoja yetu, kama sehemu ya 4.4 itakavyoonyesha. Hata hivyo, hakuna hata mmoja unaomtaka mtafiti aeleze kitu kilitokaje mikononi mwa wenyewe.

3.0 Katavi katika Historia ya Mikusanyo

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Miongoni mwa wenyeji wake ni Wabende, Watongwe, Wapimbwe na Wakonongo. Baadaye walihamia Wasukuma pamoja na wakimbizi kutoka Burundi, waliopewa makazi ya Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Jina la mkoa limetokana na Katabi, mzimu unaoheshimiwa na Wabende, ambao jina lake lilipewa pia ziwa na hifadhi ya taifa.

Karema, ambayo leo imo katika wilaya ya Tanganyika, iliingia katika kumbukumbu za Ulaya mapema. Mwaka 1879 Mbelgiji Ernest Cambier alijenga hapo kituo kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoasisiwa na Mfalme Leopold wa Pili. Kituo hicho kilikabidhiwa kwa Shirika la Mapadre Weupe mwaka 1885. Jérôme Becker, aliyekaa huko, alichapisha kumbukumbu zake za safari mwaka 1887. Padre Avon wa shirika hilo alichapisha maelezo marefu ya maisha ya Wabende katika jarida la Anthropos, katika matoleo ya 1915 na 1916. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta, alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1956. Masimulizi ya maisha yake yalichapishwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Watu hawa watatu wanaingia katika orodha ya marejeleo bila shida: Becker (1887), Avon (1915–1916), Atiman (1946). Waliandika, kwa hiyo wanarejelewa. Wachongaji, wafinyanzi na wafuaji chuma walioishi katika eneo hilohilo na miaka hiyohiyo hawamo. Hawamo kwa sababu orodha yetu haina safu inayowafaa, ingawa kazi za watu wa aina yao zimehifadhiwa, zimepigwa picha na zinauzwa kwa bei kubwa.

4.0 Uhakiki wa Mazoea ya Urejeleaji

4.1 Mtengenezaji “asiyejulikana”

Katika katalogi nyingi, mahali pa msanii huandikwa kuwa hajulikani, au huandikwa jina la kabila peke yake. Mtafiti wa Kiswahili hunakili: “Msanii asiyejulikana”. Neno hilo linapaswa kuhojiwa. Hajulikani kwa nani? Aliyechonga kigoda cha mtemi alijulikana kwa mtemi, kwa majirani na kwa wanafunzi wake. Mara nyingi waliomjua hawakuulizwa, au waliulizwa na jibu lao halikuandikwa. Kusema “hajulikani” ni kugeuza uzembe wa mkusanyaji kuwa sifa ya mchongaji.

Kauli iliyo sahihi zaidi ni “jina halikuandikwa”. Tofauti ya kauli hizi mbili si ya adabu tu. Ya kwanza inafunga utafiti. Ya pili inaonyesha pengo lilipo na nani aliliacha, na kwa hiyo inamwita mtafiti mwingine aende kijijini akaulize, au afungue shajara ya mmisionari akatafute.

Jina la kabila nalo lina matatizo yake. Kibende na Kitongwe ni lugha zilizo karibu sana, na mipaka ya jamii hizi haikuwa ukuta. Sanamu moja inaweza kuitwa ya Wabende katika kitabu kimoja na ya Watongwe katika kingine. Watunzi wa katalogi walio waangalifu huweka alama ya kuuliza baada ya jina la kabila. Alama hiyo ni sehemu ya taarifa. Mtafiti anayeidondosha anaponakili amegeuza dhana kuwa ukweli, na anayemrejelea yeye hatakuwa na njia ya kujua kwamba palikuwa na shaka.

4.2 Mahali palipobadilika majina

Kwa kitu kilichotoka Karema, jina la mahali hutegemea mwaka wa kuandikwa. Kabla ya mwaka 2012 kingesemwa kuwa cha Rukwa. Kabla ya kuundwa kwa mkoa wa Rukwa katika miaka ya 1970, Mpanda ilihesabiwa katika mkoa wa Tabora. Wakati wa Waingereza ilikuwa katika Jimbo la Magharibi la Tanganyika. Kabla ya hapo kingeandikwa cha Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kabla ya Wajerumani kingeandikwa “Karéma, Ziwa Tanganyika” bila nchi yoyote. Tahajia nayo hubadilika: Karema na Kalema, Katavi na Katabi, Wabende na Bende.

Hapa rejeleo linaweza kukosea kwa njia mbili. Mtafiti akiandika jina la zamani peke yake, msomaji wa leo hatambui kuwa panapotajwa ni kwao. Akiandika la sasa peke yake, msomaji akienda kwenye daftari la makumbusho hatapata kitu, kwa kuwa daftari halijui mkoa wa Katavi. Suluhisho ni kuandika yote mawili: jina kama lilivyo katika daftari, ndani ya alama za kunukuu na kwa tahajia ileile, kisha jina la sasa la kijiji, wilaya na mkoa. Hili linaongeza maneno machache tu, na bila hilo chanzo hakifikiki.

4.3 Kitenzi cha kupatikana

Mfano mzito zaidi unatoka ng’ambo ya pili ya ziwa, lakini njia yake ilipitia Karema. Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji, alifika Karema mwaka 1882 na mwaka uliofuata akavuka ziwa kujenga kituo cha Mpala. Mnamo Desemba 1884 kikosi chake, chenye askari wa kukodiwa waliojulikana kama rugaruga, kilimuua mtawala wa Watabwa aitwaye Lusinga na kumkata kichwa. Sanamu ya wahenga wa Lusinga ilitwaliwa. Storms alirudi Ubelgiji nayo pamoja na fuvu. Baada ya kifo chake, mjane wake aliitoa sanamu kwa makumbusho ya Tervuren, na fuvu likahifadhiwa Brussels katika taasisi ya sayansi asilia. Allen Roberts ameichambua historia hii kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2013.

Sanamu hiyo ni miongoni mwa kazi mashuhuri za Afrika ya Kati katika vitabu vya sanaa. Rejeleo linalofuata umbo la kawaida lingetaja jina la sanamu, mbao, makumbusho na mji, na mtahini asingekuwa na la kusahihisha. Likiongezewa maneno “zawadi ya mjane wa Storms”, bado lingekuwa la kweli. Lakini lingekuwa kweli inayoanzia mwisho. Zawadi huanza na mwenye kitu. Hapa mwenyewe aliuawa kabla ya kitu kuondoka.

Kwa hiyo kitenzi ndicho kiini cha rejeleo. “Ilikusanywa” halina mtendaji wala tendo. Ni neno linalotumika kwa kuni, kwa maembe na kwa sanamu ya mtu aliyechinjwa. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutofautisha hali hizi: kununuliwa, kuagizwa, kutolewa, kuachwa, kutwaliwa, kuporwa, kuibwa. Mtafiti atumie kile ambacho ushahidi unakiunga mkono. Ushahidi ukikosekana, aandike “njia ya kupatikana haikuandikwa”, asijaze pengo kwa neno laini.

Swali hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka utaratibu wa kibali kwa vitu vya kale vinavyopelekwa nje ya nchi, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 uliweka misingi ya kimataifa dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni. Kwa hiyo, kujua kama kifaa kiliondoka mwaka 1884, 1950 au 1985 si udadisi wa pembeni. Jamii, halmashauri au Makumbusho ya Taifa inapotaka kuuliza juu ya kifaa fulani, mahali pa kwanza pa kutazama ni maandishi ya watafiti. Tasnifu inayoacha mwaka na njia ya kuondoka imewanyima waulizaji hao ushahidi ambao pengine mtafiti alikuwa nao mezani.

4.4 Kitu na picha ya kitu

Mwaka 1994 yalifanyika maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania katika miji ya Berlin na Munich. Katalogi yake, iliyohaririwa na Jens Jahn, ilichapishwa kwa Kijerumani na Kiswahili, na jina lake la Kiswahili ni Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Chapisho hilo lilisaidia kuvunja dhana ya muda mrefu kwamba Afrika Mashariki ni maskini wa uchongaji. Mwaka 2013 yalifuata maonyesho mengine nchini Marekani yaliyoandaliwa na Gary van Wyk, yakapewa jina la Kiswahili, Shangaa.

Katalogi ya 1994 inatupa masuala mawili. La kwanza ni la lugha. Mtafiti anayeirejelea kwa jina la Kijerumani pekee ameondoa nusu ya kitabu. Kwa tasnifu ya Kiswahili hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa msomaji wa Mpanda atadhani kitabu hakisomeki kwake, ilhali kina matini ya lugha yake. Chapisho lenye lugha mbili lirejelewe kwa majina yote mawili, na dondoo liseme limechukuliwa kwenye matini ipi, kwani matini mbili si lazima zilingane kila neno.

La pili ni la uwajibikaji. Mtafiti aliyeiona sanamu katika katalogi hakuiona sanamu. Aliona picha ya upande mmoja, iliyopigwa chini ya taa maalumu, ikiwa na kimo kilichopunguzwa. Hawezi kusema juu ya uzito, harufu ya moshi, mgongo wa sanamu wala alama za kushikwa. Hata hivyo, ni rahisi kuandika rejeleo linalotaja makumbusho na namba ya usajili kana kwamba mtafiti alisimama mbele ya kabati. Katika fasihi tumezoea kuandika “kama alivyonukuliwa katika” tunapochukua kauli ya mtu kupitia kwa mwingine. Kanuni hiyohiyo inafaa hapa, nayo inaafikiana na wazo la MLA la chanzo kilichomo ndani ya chanzo. Rejeleo liseme: “imeonwa katika picha”, kisha litaje katalogi, namba ya picha na mpiga picha.

Picha ni kazi yenyewe, yenye mtengenezaji na mwaka wake. Hazina za picha hutenganisha mambo haya kwa uangalifu. Mfano ni hazina ya Eliot Elisofon katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika, Washington, iliyoanzia kwenye picha ambazo mpiga picha huyo aliziacha kwa wasia mwaka 1973. Huko mpiga picha ana nafasi yake, mkusanyo una jina lake na kila picha ina namba yake. Mtafiti anayeandika “Chanzo: Intaneti” chini ya picha amefuta yote hayo kwa maneno mawili.

Vifaa vilivyo mikononi mwa watu binafsi vinahitaji tahadhari zaidi. Vikichapishwa, mara nyingi mmiliki hatajwi na namba haipo, na vinaweza kuuzwa tena wakati wowote. Kwa hivyo kinachoweza kurejelewa kwa uhakika ni picha iliyochapishwa tu, na rejeleo likiri kuwa kifaa chenyewe hakina anwani ya kudumu.

4.5 Jina linalopaswa kusitiriwa

Hoja zilizotangulia zinaweza kuonekana kudai kwamba kila kitu kitajwe kwa jina. Katavi inatupa sababu ya kutofika huko. Liisa Malkki alifanya utafiti miongoni mwa wakimbizi Wahutu wa Mishamo katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995. Masimulizi aliyopewa aliyapanga katika vipande bila majina ya wasimuliaji. Kwa kigezo cha stahiki tungemlaumu. Kwa hali ya wakimbizi wakati huo, waliosimulia mauaji ya mwaka 1972 wakiishi ugenini, kutotajwa kulikuwa ulinzi.

Tofauti iliyopo ni kwamba mchongaji wa Karema hakuulizwa jina, na msimuliaji wa Mishamo alisitiriwa. Rejeleo lazima lionyeshe tofauti hiyo. “Jina halikuandikwa” na “jina limesitiriwa” ni kauli mbili zenye maana mbili. Hali nazo hubadilika. Zaidi ya wakimbizi 160,000 wa mwaka 1972 na familia zao wamepewa uraia wa Tanzania. Mtafiti wa leo anayerekodi nyimbo au kupiga picha kazi za mikono huko Katumba asirithi usiri wa miaka ya 1980 bila kuuliza. Mwenye kazi ndiye wa kuamua kama anataka jina lake liandikwe.

Kwa wazee wanaotoa maelezo juu ya sanaa, mtindo wa APA huyaweka mahojiano binafsi katika matini tu na kuyaacha nje ya orodha. Matokeo yake ni kwamba mzee aliyefafanua matumizi ya kigoda haonekani katika orodha, bali anaonekana aliyekipiga picha. Huko Kanada, mkutubi Lorisia MacLeod alipendekeza mwaka 2021 vielelezo vinavyowaingiza wazee wa jamii za asili katika orodha ya marejeleo, kwa jina, jamii, mahali na mada ya mafundisho yao. Pendekezo hilo linafaa kupokelewa katika tasnifu za Kiswahili, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, makala inapendekeza kwamba rejeleo la nyenzo ya sanaa liwe na vipengele sita, kwa mpangilio ufuatao:

(i) Mtengenezaji: jina lake, au “jina halikuandikwa”, au “jina limesitiriwa”. Kabila litajwe pamoja na alama ya shaka kama ipo.
(ii) Kifaa: jina lake katika lugha ya wenyewe kama linafahamika, jina la katalogi na mali ghafi.
(iii) Mahali: kama palivyoandikwa kwenye daftari, kisha mahali pa leo.
(iv) Njia ya kupatikana: nani, lini, kwa kitenzi kinachothibitika.
(v) Kilipo sasa: taasisi, mji na namba ya usajili.
(vi) Njia ya kuonwa: kwa macho, katika picha au mtandaoni, pamoja na tarehe na anwani ya kudumu inapohusika.

Kwa sanamu iliyojadiliwa katika 4.3, rejeleo la mtafiti aliyeiona katika kitabu lingesomeka hivi:

Mchongaji, jina halikuandikwa (Mtabwa). Sanamu ya wahenga wa Lusinga. Mbao. Magharibi mwa Ziwa Tanganyika, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilitwaliwa na kikosi cha Émile Storms baada ya kuuawa kwa Lusinga, Desemba 1884. Ilitolewa kwa makumbusho na mjane wa Storms. Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, Tervuren, EO.0.0.31660. Imeonwa katika picha, Roberts (2013).

Orodha ya vifaa iwekwe peke yake, kabla ya orodha ya machapisho, kama wanahistoria wafanyavyo kwa nyaraka. Ndani ya matini, jina fupi la kifaa na namba yake vyatosha.

6.0 Hoja Kinzani

Yapo mapingamizi matatu ya kuzingatiwa. La kwanza ni urefu. Rejeleo la vipengele sita huchukua mistari mitano mahali pa miwili. Ni kweli, lakini tasnifu yenye vifaa ishirini itaongezeka kurasa mbili au tatu, na kurasa hizo zina taarifa ambazo hazipatikani mahali pengine kwa Kiswahili.

La pili ni ulinganifu. Chuo kimeagiza mtindo mmoja, na mtahiniwa hana mamlaka ya kuubuni upya. Pingamizi hili lina nguvu, hasa kwa mwanafunzi anayesubiri matokeo. Hata hivyo, vipengele vilivyopendekezwa havipingani na APA wala Chicago. Vinaongeza maelezo baada ya yale yanayodaiwa. Mtahiniwa anaweza kuviweka katika kiambatisho bila kuvunja kanuni yoyote.

La tatu ni zito zaidi: je, mtafiti wa fasihi au isimu ana ujuzi wa kuthibitisha njia ya kupatikana kwa kifaa? Mara nyingi hana. Lakini pendekezo halimtaki athibitishe kila kitu. Linamtaka aandike anachokijua, aonyeshe kisichoandikwa na asifunike kimoja kwa kingine. Uaminifu wa namna hiyo hauhitaji utaalamu wa makumbusho.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba rejeleo la kitu cha sanaa ni dai la kihistoria, nalo linaweza kuwa la kweli, la uongo au pungufu kama dai lingine lolote katika tasnifu. Kwa hiyo linastahili kutahiniwa kwa maudhui na si kwa alama za uandishi peke yake. Inashauriwa kwamba taasisi zinazofundisha shahada za uzamili na uzamivu kwa Kiswahili, kwa kushirikiana na BAKITA, ziandae mwongozo wa pamoja wa kurejelea vifaa, picha na mafundisho ya wazee, wenye istilahi moja kwa nchi nzima. Wakati mwongozo huo ukisubiriwa, wasimamizi wanaweza kuanza na swali moja kwa kila mtahiniwa anayetumia nyenzo za mikusanyo: je, mtu wa kijiji kilikotoka kifaa hiki akilisoma rejeleo lako, ataweza kukitambua, kujua kilivyoondoka na kujua pa kukiulizia? Jibu likiwa hapana, rejeleo hilo halijakamilika, hata kama nukta na mikato yake yote iko mahali pake.